Baiskeli ya Kukunja Ikikushinda Mlimani, Hesabu Meno

Kila nikimwona mtu anasukuma baiskeli ya kukunja kwenye mwinuko wa kwenda Bugando, natamani kusimama naye tuhesabu meno ya sproketi zake, yale magurudumu ya chuma yanayoshika cheni mbele na nyuma. Nami niliisukuma yangu hapo hapo Mwanza kwa miezi mingi. Ni ya mtumba, tairi inchi 20, gia sita, na niliinunua ili mvua ikinyesha niikunje niingie nayo kwenye daladala. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Mlimani magoti yaliuma, nikaamini sina pumzi.

Pumzi ninazo. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno 52, na kubwa kuliko zote nyuma 28. Mzingo wa tairi ni kama mita 1.5, kwa hiyo hata kwenye gia nyepesi kabisa, kunyonga mzunguko mmoja kulinisogeza karibu mita 2.8. Ili miguu izunguke mara 60 kwa dakika bila kuumiza magoti, ilinibidi nipande kwa kilomita 10 kwa saa. Sina nguvu hizo, na sidhani wengi wanazo. Wenye baiskeli za kawaida husimama juu ya pedeli, lakini hii shingo yake ya usukani ni ndefu na ina bawaba. Ukisimama ukauvuta usukani, unauhisi unapinda. Baiskeli ya kukunja hupandishwa mtu akiwa amekaa, kwa hiyo lazima gia iwe nyepesi.

Anza na mbele. Nilitoa 52 nikaweka 39, mita 2.8 zikawa 2.1, na tofauti niliiona siku ile ile. Kabla hujalipa, angalia kama sproketi imefungwa kwa bolti au imegongelewa ribiti. Ikiwa ni ribiti, utabadilisha kranki nzima, yaani mkono wa pedeli pamoja na sproketi yake. Ikiwa ni bolti tano, pima duara zinamopita: lenye kipenyo cha milimita 130 halipokei chini ya meno 38. Mimi nilikimbilia kununua ya 36, haikuingia.

Baadaye nikabadilisha friwili, yaani kile kifungu cha sproketi za nyuma, kubwa ikawa meno 34. Sasa mzunguko mmoja ni mita 1.7, na kilomita 6 kwa saa zinanitosha kupanda. Friwili hujikaza kila unaponyonga, basi tafuta fundi mwenye kifunguo chake maalumu. Akishika patasi na nyundo, chukua baiskeli yako uondoke. Muulize pia kama kile kichuma cha kuhamisha cheni kinafika meno 34, maana vifupi vingi havifiki.

Cheni usiikate mpaka sproketi zote mbili ziwe zimekaa mahali pake. Kupunguza meno 13 mbele huacha kama pingili sita za ziada, lakini kuongeza sita nyuma hula tatu kati ya hizo. Ukiwahi kukata, utanunua cheni nyingine.

Kuna unachopoteza. Kwenye gia nzito, nikinyonga mara 80 kwa dakika, zamani nilifika kilomita 27 kwa saa, sasa ni 20. Kwenye barabara ya uwanja wa ndege baiskeli nyingine hunipita. Kwa mtu anayeishi mlimani, naona hiyo ni bei ndogo. Anayekaa tambarare abaki na 52 yake.