Kabla hujachora klasta: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya mifumo

Wadogo zangu, naona na mwaka huu mnaanzia palepale. Programu ina mawakala mia mbili wanaoingia jioni kufunga hesabu, na mchoro wa kwanza kuletwa kikaoni una klasta ya Kubernetes (kundi la seva linaloendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachohitaji), na zana zake Helm, Prometheus na Grafana. Mwenzenu mwingine ameapa kila kitu kiende Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha kipande cha msimbo (fanksheni) kinapoitwa bila wewe kutunza seva, hata ripoti ya mwezi inayokimbia saa nzima. Hamu yenu naipenda sana. Lakini vikao vinaisha bila mtu kuuliza mzigo wenyewe unakujaje na nani ataulea.

1. Anza na sura ya mzigo. Chora maombi ya saa 24, kisha ya mwezi mzima. Ukiona vilele vya ghafla na saa nyingi za kimya, nenda bila seva: unalipia muda msimbo unapofanya kazi, na Lambda ina maombi milioni 1 ya bure kila mwezi. Mzigo ukiwa uleule usiku na mchana, kontena zinazokaa macho muda wote huwa nafuu. Mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video, ndani ya Amazon yenyewe, walieleza walivyoitoa huduma yao ya kukagua ubora wa picha na sauti kwenye Step Functions (huduma ya kupanga hatua za kazi) na Lambda wakaipeleka kwenye kontena za ECS (huduma ya Amazon ya kuendesha kontena), na gharama ya miundombinu ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kuna mtu huinukuu habari hiyo kila tukibishana, kana kwamba Lambda imehukumiwa. Ile ilikuwa kazi ya kuchambua video mfululizo, sekunde baada ya sekunde, na kila hatua ilikuwa na bei yake. Duka lako la mtandaoni haliko hivyo.

2. Hesabu watu pia. EKS, yaani Kubernetes inayosimamiwa na Amazon, hutoza dola 0.10 kwa saa kwa kila klasta, kama dola 73 kwa mwezi, kabla hujaweka podi (kifurushi cha kontena) hata moja. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka, na kila toleo huhudumiwa kwa takriban miezi 14. Ukichelewa kupanda toleo jipya hadi ukaangukia kwenye huduma ya nyongeza ya matoleo ya zamani, EKS inakuwa dola 0.60 kwa saa. Na hizo ni pesa ndogo ukilinganisha na mshahara wa mtu wa kuamka saa nane usiku diski ya nodi (seva mojawapo ya klasta) ikijaa. Kampuni yenye wahandisi wawili, mmoja akiwa likizo, haina mtu huyo.

3. Hifadhidata haipanuki pamoja na fanksheni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wiki hii nimeliona kosa hili tena kwenye msimbo wa watu wawili tofauti.

Timu niliyokuwamo iliendesha mfumo wa kupokea ada za shule kwa simu. Taarifa ya kila malipo ilitua kwenye fanksheni ya Lambda, na kila nakala ya fanksheni ilifungua muunganisho wake kwenye hifadhidata ya Postgres. Kwenye majaribio, safi kabisa. Ikaja Januari, wiki ya kufungua shule, wazazi wakalipa jioni moja kwa pamoja. Lambda ikafanya kazi iliyoumbiwa: kila ombi lililokuta nakala zote zina shughuli likafunguliwa nakala mpya, na kikomo cha kawaida cha akaunti ni nakala 1,000 kwa wakati mmoja. Postgres yetu ilikuwa na kikomo chake cha kawaida, miunganisho 100. Nakala zilizobaki zote zikafungiwa nje.

Hiyo ilikuwa nusu ya balaa. Baadhi ya nakala zilishaandika malipo, zikafa kabla ya kujibu. Mtandao wa malipo ukikosa jibu hutuma taarifa upya, na msimbo wetu haukukagua namba ya muamala. Mzazi kalipa mara moja, kaandikiwa mara mbili. Mwingine kalipa, hakuandikwa kabisa. Mhasibu wa shule moja alitupigia akiwa amesimama getini na mama mwenye ujumbe wa malipo kwenye simu, mtoto pembeni na begi lake, na skrini yetu inasema hajalipa. Unamjibu nini mama yule? Tulikesha tukilinganisha taarifa ya akaunti na jedwali letu, mstari kwa mstari, na kuna shule zilizotuacha hata baada ya hesabu kukaa sawa.

Dawa ilikuwa fupi hadi inauma. Taarifa iingie kwanza kwenye SQS, huduma ya foleni ya Amazon. Fanksheni ya pili isome kwa idadi ya nakala uliyoiwekea kikomo. Namba ya muamala iwekewe sharti la upekee kwenye jedwali. Podi nne zenye miunganisho 20 kila moja zisingeijaza hifadhidata ile, ni kweli. Ila malipo kuandikwa mara mbili kungetokea hata huko.

4. Uliza habari ya anwani ya IP mapema. Benki na kampuni nyingi za simu hutaka anwani ya kudumu au VPN (njia ya faragha kati ya mitandao), na Lambda peke yake haina anwani hiyo. Utaiingiza kwenye VPC (mtandao wako binafsi ndani ya Amazon) yenye NAT, lango la kutokea lenye anwani moja, nalo hutoza kwa saa hata usiku usio na mteja. Hesabu hiyo haimo kwenye pendekezo lenu hata moja.

5. Kazi inayopita dakika 15 Lambda huikata; ipeleke Fargate, huduma ya Amazon ya kuendesha kontena bila kutunza seva. Weka tahadhari ya bili siku ya kwanza, na upange muda wa kutunza logi, maana CloudWatch, hazina ya logi ya Amazon, isipoambiwa huzitunza milele.

6. Kwa biashara nyingi changa ninazozijua ningeanza bila seva, na nisingeona haya kuhama mzigo ukikua. Lambda inapokea taswira za kontena (vifurushi ambavyo kontena huanzishwa kutoka kwavyo) tangu Desemba 2020, na Cloud Run, huduma ya Google isiyo na seva za kutunza, inaendeshwa kwa kontena tangu mwanzo, kwa hiyo njia ya kuhama ipo ukiitunza. Msimbo wa biashara uukalishe mbali na faili linalopokea tukio la Lambda. Siku ya kwenda kwenye kontena utaandika upya faili hilo na kuacha hesabu za ada zilivyo.