Jibu: Hiyo shaba ya askari wawili ni ya nani?

Mkuu, umeuliza sarafu yako ya shaba ya Kirumi, ile yenye askari wawili nyuma, ni ya nani na kama uisugue kwa ndimu. Ndimu weka mbali kabisa! Asidi inakula ule ukoko wa kijani, sarafu inabaki nyekundu kama waya uliochunwa. Iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (distilled water), ubadilishe kila baada ya siku chache, kisha mswaki laini.

Maneno GLORIA EXERCITVS, "utukufu wa jeshi", yanatupeleka enzi za mfalme wa Roma Constantine na wanawe. Hesabu bendera katikati ya wale askari. Zikiwa mbili, ni kati ya mwaka 330 na 335 hivi. Ikiwa moja, ni baada ya hapo, na sarafu yenyewe huwa nyepesi zaidi.

Sasa geuza upande wa kichwa, hapa ndipo wengi tunapoangukia. CONSTANTINVS MAX AVG ni baba. CONSTANTINVS IVN NOB C ni mtoto wake mwenye jina hilohilo. Mimi niliwachanganya miezi kadhaa.

Chini ya miguu ya askari soma herufi za kiwanda kilichotengeneza sarafu: SMAN ni Antiokia, SMAL Aleksandria, TR Trier, Ujerumani ya leo. PCONST si Konstantinopoli, ni Arles, Ufaransa ya leo. Piga picha nyingine, mwanga utokee ubavuni, herufi zitajitokeza.