Maswali na majibu: mundu, shinikizo na kikapu cha Amosi

Manabii wa Biblia huchora hukumu ya Mungu kwa picha za mavuno. Yoeli 3:13 inataja mundu, mara inahamia kwenye shinikizo, yaani mahali pa kukamulia zabibu. Yanavunwa nafaka au zabibu?

Wengi husoma mavuno mawili. Lakini kitenzi cha Kiebrania kinachosema yameiva ni *bashal*, na Mwanzo 40:10 inakitumia kwa vichala vya zabibu. Kwetu sisi, mstari mzima unaeleweka vizuri zaidi ukiwa shambani mwa mizabibu. Shinikizo lilichongwa mwambani: juu sakafu ya kukanyagia, chini birika, katikati mfereji wa juisi. Birika likifurika, zabibu ni nyingi kuliko uwezo wa kuchota. Hivyo ndivyo Yoeli anavyoupima uovu wa mataifa. Katika Isaya 63 mkanyagaji, yaani Mungu mwenyewe, anatoka Edomu, taifa jirani la Israeli, nguo zimerowa nyekundu, na si kwa divai bali kwa damu.

Amosi 8 inaonyesha kikapu cha matunda tu. Hukumu iko wapi?

Iko kwenye sauti. Matunda ya kiangazi ni *kayits*, mwisho ni *kets*. Amosi anaulizwa anaona nini, anataja *kayits*, anajibiwa kwamba *kets* imewafikia Israeli. Tafsiri ya Kiswahili haiwezi kuubeba mfanano huo wa sauti, kwa hiyo anayefundisha aseme maneno yote mawili kwa sauti. Tena kalenda ya Gezer, mji wa kale wa Israeli, ambayo ni kibao cha jiwe la chokaa kilichofukuliwa mwaka 1908, inaorodhesha kazi za shamba kwa miezi, na mwezi wake wa mwisho ni huo wa matunda ya kiangazi.

Kupurwa maana yake ni kuangamizwa?

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Chombo cha kupuria kilikuwa ubao mzito wenye meno ya jiwe au chuma upande wa chini, ukikokotwa na mnyama juu ya masuke. Isaya 28:27-28 inasema habasoda hupigwa kwa fimbo na jira kwa ufito, kwani ubao ungezisaga punje. Hata ngano haipurwi bila kikomo. Adhabu ina kipimo, na shabaha ni kutoa punje kwenye makapi. Dameski, mji mkuu wa Shamu, iliipura Gileadi, eneo la Israeli mashariki mwa Yordani, kwa vyombo vya chuma (Amosi 1:3), nayo ikahukumiwa kwa ukatili huo.

Basi kila penye mavuno pana hukumu?

Hapana. Isaya 9:3 ni furaha tupu. Tazama kinachofanywa: kukata, kukanyaga, kupura, kupepeta. Katika Yeremia 51:33 Babeli ni uwanja wa kupuria unaokanyagwa uwe mgumu kabla mavuno hayajaletwa. Nafaka bado iko shambani, lakini uwanja uko tayari.