Madogo wa fildi, msiikimbie mizani

Kila msimu wa fildi madogo wakija hapa hanga, banda letu la kutengenezea ndege, na joto hili la Dar, wote macho kwenye injini, ukimwambia mtu twende tukapime uzito wa ndege anakuangalia kama umemtuma dukani. Mi nilikuwa hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha betri ya ndege ndogo, zile ambazo betri inakaa nyuma kule mkiani, na mpya ilikuwa nzito kuliko ya zamani, nikakaza boliti nikaandika "betri imebadilishwa" basi. Mzee mmoja fundi akasoma, akauliza uzito uko wapi? Kimya. Akanifungulisha betri ileile saa saba mchana, nikaipima, nikakokotoa upya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapobalansi, mbele yake huku jasho linadondokea karatasi.

Nilijua ananionea, mpaka niliposoma habari za Sitara. Hiyo ni HJT-36, jeti ya mafunzo ya kijeshi ambayo HAL, kampuni ya ndege ya India, wameichora na kuijenga wenyewe ije kurithi zile Kiran zilizozeeka. Iliruka mara ya kwanza 7 Machi 2003, watu wakajua kazi imeisha. Wapi! Injini ikabadilishwa, kutoka Larzac ya Ufaransa kwenda AL-55I ya Urusi, uzito nao ukawa kesi, halafu ikaja spini. Yaani ndege imeishiwa nguvu ya mabawa inaporomoka huku inazunguka kama jani, na jeti ya mwanafunzi lazima itoke humo maana mwanafunzi ataingia tu, apende asipende. Sitara ikasumbua hapo. 2016 majaribio ya spini yakasimama, ikabidi mkia wa wima usogezwe nyuma na usukani wake uongezwe ukubwa, ikarudi angani Aprili 2019, na 2022 ndo wakatangaza inazunguka raundi 6 kushoto na kulia na inatoka. Miaka 19 jamani, mtoto anazaliwa mpaka anamaliza fom siksi.

Sasa betri inaingiaje hapo? Ili ndege itoke kwenye spini pua inatakiwa ishuke, ukirundika uzito mkiani pua inagoma, rubani anakanyaga pedali wee hakuna kitu. Kwa hiyo ukipewa kalamu uandike namba za mizani andika mpaka desimali, na kabla ya kupima chungulia ndani kwanza, sisi juzijuzi tumepima ndege na sanduku la spana limo, tukarudia upya mpaka jioni na foleni ya Tazara ikatukuta vizuri tu.