Miguu kuvimba jioni: damu imekwama njia ya kurudi

Muuza duka wa Kariakoo akivua soksi usiku hukuta mpira umechimba alama juu ya kifundo. Wengi husema ni uchovu. Kilichopo pale ni maji ya damu yaliyovuja nje ya mishipa.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, karibu damu yote ya mwili. Upande wa kushoto huipeleka mwilini kupitia ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Wa kulia hupokea iliyorudi na kuisukumia mapafuni ikachukue oksijeni. Kushuka mguuni si shida. Shida ni kupanda: damu ikishapita kwenye kapilari, vimishipa vyembamba kabisa, msukumo uliobaki ni mdogo sana, na safari hadi kifuani inazidi mita moja.

Hapo ndipo kigimbi kinapobeba mzigo. Kikikaza, hubana vena za ndani, mishipa inayorudisha damu moyoni, na damu hupanda. Kikilegea, vali, vilango vidogo ndani ya vena, hujifunga damu isirudi chini. Ukisimama bila kutembea, pampu hiyo imezimwa: damu hujaa miguuni na maji yake huvuja nje. Joto la Dar huzidisha, kwa kuwa hutanua mishipa.

Kwa hiyo kila nusu saa inua visigino mara 15 hadi 20, polepole. Konda anaweza akiwa ameshika bomba la daladala, mama lishe akiwa mbele ya sufuria. Kuchezesha vidole tu hakutoshi. Kifundo lazima kikunjike. Jioni lala chali, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, dakika 15 hadi 20. Kuiweka kwenye stuli huku umekaa husaidia kidogo, maana bado iko chini ya moyo.

Bonyeza ugoko kwa kidole gumba sekunde 10. Shimo likibaki, ni maji. Uvimbe wa kusimama huwa miguu yote miwili na hupungua asubuhi. Ukivimba mmoja tu, kigimbi kikauma na kuwa cha moto, tafadhali usiuchue! Huenda damu imeganda, na bonge likichomoka huenda mapafuni. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukikosa pumzi ukilala, au mjamzito akivimba uso huku kichwa kinauma na macho yana ukungu.

Anayemeza amlodipini ya presha ajue dawa hiyo yenyewe huweza kuvimbisha vifundo. Asiiache, wala asinunue vidonge vya kukojoza dukani. Amwambie daktari ambadilishie.