Kabla Hujaweka Wembe Usoni kwa Mteja

Wadada wa saluni hapa Moshi huniuliza mafunzo ya demapleni, yaani kukwangua uso kwa wembe, nilipata wapi na wembe nanunua wapi. Hakuna anayeniuliza nawakataa wateja gani, na kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kukwangua uso mzima hakuli muda. Unausafisha, unauondoa mafuta, unaukausha, unavuta ngozi ikaze kwa mkono mmoja, kisha wembe wa upasuaji (wengi tunatumia namba 10) unaulaza kama nyuzi 45 na kwenda nao kwa miguso mifupi mifupi. Zinatoka seli zilizokufa za juu kabisa pamoja na malaika, vile vinywele laini vya mashavuni. Ngozi inang'aa, poda inakaa, mteja anajipiga picha kabla hajalipa. Mkono unazoea haraka. Jicho ndilo linalochelewa.

Mimi huanza na maswali mteja akiwa bado amekaa, na la kwanza ni la mafuta anayopaka. Usiulize, "Unatumia mkorogo?" Utajibiwa hapana na shavu linawaka mbele yako. Sema, "Dada, usiku unapaka nini? Kopo lenyewe unalo kwenye mkoba?" Wakati anatafuta, tazama mikono. Uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, umeshajibiwa. Mikorogo mingi huwa na haidrokwinoni au steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu hukondesha ngozi hadi mishipa midogo inaonekana. Ngozi ya hivyo huna cha kukwangua. Wala usimwambie atupe kopo leo leo, kwa sababu steroidi ikiachwa ghafla uso unaweza kuwasha na kuvimba kuliko mwanzo. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi. Sisi wa Moshi hatuna kisingizio: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo pale hospitali ya KCMC tangu 1992.

Chunusi zilizoiva, vidonda vya homa mdomoni, ukurutu, hao warudi wakishapona. Anayetumia vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi, nasubiri amalize na miezi sita ipite. Anayepaka krimu ya retinoidi aiache siku kadhaa kabla. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, sigusi.

Kidevu nakisemea peke yake, maana hapo ndipo wengi wanapojiharibia jina. Nywele ngumu za kidevuni si malaika. Ukizikata juu juu, kwa nywele zetu za kujikunja, ncha hurudi ndani ya ngozi ikaleta vipele, na vipele vikaacha madoa. Mara nyingi chanzo ni homoni, kwa hiyo mama wa watu anahitaji daktari, na unamwambia hivyo kwa sauti ya chini, si mbele ya wateja wengine. Malaika ni hadithi nyingine. Hayarudi yakiwa mazito, wembe haufiki kwenye shina. Ncha iliyokatwa ni butu tu, ndiyo maana vidole vinahisi ukwaru yanapoota.

Ngozi nyeusi haisahau mkwaruzo. Mchubuko mdogo kwenye taya unaweza kuwa doa la miezi. Ndiyo sababu sirudii sehemu moja mara nyingi hata mteja akisisitiza, na sirudii uso kabla ya mwezi kwisha, kwani ngozi ya mtu mzima huhitaji wiki nne hivi, na zaidi umri ukisogea, kujivua na kujijenga upya. Na usimwahidi mtu kwamba melasma, yale mabaka meusi ya usoni, itatoka. Ile imekaa chini zaidi ya pale wembe unapofika.

Wembe ni mmoja kwa mtu mmoja, ufungue akiona, na ukimaliza uingie kwenye sefti boksi, boksi gumu la kutupia vitu vyenye ncha kali. Kuna anayefuta kwa spiriti akaendelea na mteja wa pili! Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7. Boksi likijaa, kubaliana na zahanati ya jirani wakuteketezee. Halitupwi kwenye dampo la mtaa. Gharama hiyo iingize kwenye bei bila aibu.

Akitoka, mafuta ya kuzuia jua, angalau SPF 30, kila siku, hata ile Julai ya mawingu ambayo mlima hauonekani. Skrabu na mvuke asubiri.

Desemba ndiyo inayotutesa, watu wamerudi nyumbani na kila Jumamosi kuna harusi. Bi harusi afanye mara ya kwanza mapema, mwezi na zaidi kabla ya sendofu, ili ngozi yake muijue, kisha arudie siku tatu au nne kabla ya harusi. Yule anayekuja asubuhi ya siku yenyewe, amepanda bodaboda na gauni liko kwenye mfuko, mimi namsafisha uso, nampaka losheni ya unyevu, namwachia mtu wa mekapu. Wembe hautoki kabatini.