Anza na feni

Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa kampuni. Ndivyo manesi walivyotuita sisi tunaozunguka mkoa wa Tanga na mabegi ya vipeperushi na sampuli za dawa: Jumatatu mjini, Jumanne Muheza, Jumatano Korogwe, na Lushoto mara mbili kwa mwezi, tumbo likinigeuka kwenye zile kona. Nilipoacha nikaandika filamu ya mapenzi ya kuchekesha kuhusu kazi hiyo, kijana wa kampuni anayempenda mfamasia, tukaipiga hapahapa Tanga watu wanane kwa pesa za kuchangishana. Tangu hapo vijana hunitumia ujumbe wakitaka kutengeneza ya kwao: ya bima, ya mikopo, ya dawa. Huwa nawajibu vipandevipande, leo nayaweka pamoja.

Kwanza, usianze na mwizi. Rasimu yangu ya mwanzo ilikuwa na bosi mwenye kitambi na miwani myeusi anayecheka peke yake ofisini. Nilimsomea shangazi yangu, nesi mstaafu, yeye akiwa kwenye mkeka anachambua mchele. Alininyamazia kurasa ishirini nzima. Kisha akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo: "Mwanangu, huyu mwizi namjua toka mlangoni. Walionipata mimi waliingia na shikamoo."

Nikaitupa. Nikaanza na feni.

Kulikuwa na tabibu mmoja kwenye kituo cha afya nilichokuwa nakipitia, mtu mwadilifu, chumba chake kidogo na joto la Februari halina adabu. Sikumwahidi kitu wala hakuniomba kitu. Nilimpelekea feni ya mezani, nikamwambia ni ya wagonjwa, na haikuwa uongo, iliwapepea kweli. Mwezi uliofuata jina la dawa yetu likaanza kujitokeza kwenye vyeti vya dawa alivyowaandikia wagonjwa. Nadhani mwenyewe hata hakujiona. Siku moja nikiwa duka la dawa la jirani, mama mmoja akafungua fundo la kanga, akahesabu noti zilizokunjwa kama sambusa, akanunua dawa yetu. Rafu ya chini yake kulikuwa na dawa ileile kabisa, nguvu ileile, jina jingine la kibiashara, kwa chini ya nusu ya bei. Mwenye duka alijua. Mimi nilijua. Nikajifanya nasoma simu.

Sasa hapo kichekesho kiko wapi? Kipo kwenye feni. Kila aliyeiona aliipenda. Ukiweza kumfanya mtazamaji aipende feni, umempeleka hadi mlangoni pa yule mama bila kumsukuma, na hutahitaji mhusika yeyote wa kuhubiri.

Sisi Watanzania neno la zawadi za namna hii tunalo, tena tumelipigania mahakamani: takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa wagombea wakaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema hiyo haiendani na Katiba. Katikati ya miaka hiyo watu wazima walikuwa wanabishana barazani pilau linageuka rushwa kwenye sahani ya ngapi. Ukikaa na wazee wa Ngamiani ukawachokoza kwa swali hilo, jioni moja utapata mazungumzo ya filamu mbili.

Jielimishe pia kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi mnaiga mnachokiona kwenye filamu za Marekani. Kule dawa za cheti hutangazwa kwenye televisheni, mgonjwa anamwendea daktari na jina la dawa mdomoni. Kwetu dawa za aina hiyo hazitangazwi kwa umma, kwa hiyo posa yote inapelekwa kwa anayeandika cheti na anayetoa dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya maadili ya kunadi dawa mwaka 1988. Humo wamesema watu kama mimi tusiwape vishawishi waandishi wa vyeti na watoa dawa, na kwamba sehemu kubwa ya malipo yetu isitegemee tumeuza kiasi gani. Nilivisoma baada ya kuacha kazi. Mimi kamisheni yangu ya mwezi mzuri ilikuwa inaupita mshahara, na mwezi mbaya nilikuwa nakopa nauli ya kwenda kumpa mtu zawadi.

Kilichoibeba filamu yetu ni kwamba zawadi ya biashara na zawadi ya mapenzi, hasa huku Pwani, zinafungwa kwa karatasi moja. Kuna pale kijana anamletea mfamasia doti ya kanga, kwa pesa yake, kwa mara ya kwanza maishani. Dada anaifungua, anasoma jina: "Lila na fila havitangamani." Anatabasamu. Halafu anaigeuza, anapitisha kidole kwenye pindo lote, taratibu, anatafuta nembo ya kampuni. Kijana amesimama anamtazama anavyotafuta. Hakuna anayesema neno. Tuliipiga mara kumi na moja, na sijaandika kitu bora kuliko hicho.

Mambo ya kibali sitayarefusha: nenda Bodi ya Filamu kabla hujatoa kamera nje, sheria yake ni ya mwaka 1976 na inakuhusu hata ukipiga kwa simu. Majina ya dawa tunga mwenyewe, kisha yatafute kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanayo mtandaoni. La kwanza nililotunga lilikuwa la dawa halisi, ukipunguza herufi moja tu.

Duka la dawa la kukodi hatukulipata, wenye maduka walituogopa kama wakaguzi. Tukachukua duka la vifaa vya shule lililofungwa, tukajaza rafu maboksi tuliyoyachapisha wenyewe. Saa mbili tu baada ya kufungua mlango, mzee akaegesha baiskeli, akaingia, akamweleza mwigizaji wetu habari za goti lake tangu masika. Binti akamwambia, "Babu, shikamoo, samahani, hapa tunaigiza, hamna dawa." Mzee akamwangalia koti jeupe juu mpaka chini. "Haya, basi niandikie tu, nikanunue kwingine." Wanne waliingia siku hiyo. Baada ya huyo wa kwanza nilitaka kubandika karatasi mlangoni. Mpiga picha akanizuia, akasema acha waje, tuwasikilize. Tukawasikiliza, kamera imezimwa. Nusu ya maneno ya wagonjwa kwenye filamu nimeyapata pale.

Na mwisho wa hadithi? Nilikuwa nimeandika harusi. Binti huyohuyo wa koti akausoma, akauliza: "Kaka, hili pilau analipia nani?" Nikahesabu miezi kwenye hadithi yangu mwenyewe. Linalipiwa na kamisheni ya dawa ya miezi hiyohiyo. Tukaifuta harusi. Tukawapandisha kwenye kivuko cha Pangani, kila mtu akatoa nauli yake mfukoni, wanagombana kidogo juu ya chenji.

Maboksi bado ninayo, mia mbili na kitu, yamejaa uvungu wa kitanda kwa mama. Anayepiga filamu aje ayachukue bure. Aje na kibali chake, na asije na zawadi.